Ukiwa na buku moja ununue glasi ipi: chungwa, komamanga, ubuyu, rozela au kahawa tungu?

Mie nauza juisi Mgandini hapa Tanga, mwaka wa saba sasa, na ukiacha "barafu ipo?" swali ninaloulizwa sana ni "dada, ipi nzuri kwa tumbo?" Zamani nilikuwa namtajia mtu ile iliyobaki nyingi kwenye ndoo, nisiwafiche, biashara ni biashara. Nimebadilika kwasababu ya mama mmoja mteja wangu wa Makorora, mtu mzima, ana presha na tumbo lake halitulii, siku hiyo alipita duka moja (jina nalihifadhi) akauziwa chupa ya juisi ya komamanga kwa bei ya kuku mzima, akaambiwa hii inalisha bakteria wazuri wa tumboni. Akaja nayo kwangu nimsomee maandishi ya nyuma mana miwani kaiacha nyumbani. Nikamsomea: maji, sukari, juisi ya tufaa, afu ndo komamanga, afu rangi.

"Kwahiyo mwanangu nimenunua soda?"

Nikamwambia bi mkubwa, soda ina nafuu, angalau ina gesi.

Alicheka lakini iliniuma, mana na mie kwenye ndoo zangu sukari sioni haya kumwaga. Toka siku hiyo nikawa usiku nasoma soma kwenye simu, pale Kizungu kinaponishinda nampigia mtoto wa dada yangu anasomea uuguzi ananifafanulia, na hapa naandika nilichoelewa ili usije ukamaliza hela kwenye chupa yenye picha nzuri.

Kwanza ujue kinachotokea tumboni, bila hapo kulinganisha ni kubahatisha. Mimea ina vitu vinaitwa polifenoli, ndo vile vinavyoukausha ulimi ukinywa chai iliyokolea, ndo wekundu wa rozela, ndo ukakasi wa ubuyu. Mmea unavitengeneza kwa shida zake, kujikinga na jua na wadudu, wala haukutufikiria sisi. Sasa vingi ni vikubwa au vimefungwa na sukari kiasi kwamba utumbo mwembamba hauviwezi, inakadiriwa asilimia 90 hadi 95 vinapita moja kwa moja mpaka utumbo mpana, na huko ndo kuna bakteria kwa matrilioni wanavikata kata vipande vidogo, na vile vipande ndo vinaingia kwenye damu. Yani kilichoko kwenye damu yako jioni sicho kile ulichokunywa asubuhi, kimeshapita kwenye mikono ya watu wengine.

Chukulia nazi. Unaweza kuwa na nazi nzuri ya Pangani, imekomaa, lakini kama nyumba haina mbuzi ya kukunia tui hulipati, utakaa unaigonga gonga tu. Bakteria ndo mbuzi, na mbuzi za watu hazifanani, yako ina meno makali kwa kitu fulani, ya jirani yako imeshakuwa butu au hanayo kabisa. Hili ndo jambo wauza chupa hawalisemi.

La pili, bakteria wenyewe wanakula. Chakula chao kikubwa ni nyuzinyuzi, zile ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, wao wanazichachua wanatoa asidi ndogo ndogo, asetiki, propioniki na butiriki, na hiyo butiriki ndo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Kwahiyo glasi yoyote naiuliza: ina polifenoli gani, inahitaji bakteria wa kawaida au wale adimu, chakula cha bakteria kimo au kimebaki kwenye chujio langu, sukari nimeweka vijiko vingapi, na bei.

Chungwa la Muheza na komamanga

Hawa ndo wapinzani wakubwa kwenye meza yangu. Chungwa letu mgeni akiliona la kijani anadhani bichi, kumbe ndani limeiva tayari, ni hali yetu ya joto mpaka usiku inafanya ganda lisigeuke rangi kama yale ya nchi za baridi. Polifenoli yake kubwa inaitwa hesperidini na iko kwa wingi kwenye ile nyama nyeupe chini ya ganda na kwenye vingozi vinavyotenganisha vipande. Hesperidini imefungwa na sukari mbili zilizoshikana na utumbo mwembamba hauna mkasi wa kuikata, bakteria wa utumbo mpana wanao, wakishakata inatoka hesperetini inaingia kwenye damu, na watafiti waliowapa watu juisi ya chungwa wakawapima damu walikuta kilele chake kinakuja masaa matano mpaka saba baadae. Yani umekunywa saa nne asubuhi, kazi inaonekana alasiri. Na kiasi hakilingani, kuna watu wanatoa nyingi kuna wanaotoa kidogo, juisi ile ile glasi ile ile.

Sasa angalia tunavyolila. Wauzaji wa barabarani wanalimenya kwa kisu ganda la kijani linatoka ukanda mrefu, koti jeupe linabaki, wanakata kichwa wanakupa, unalikamua mdomoni unafyonza, afu lile koti na vingozi vyake vyote unatupa mtaroni! Na mie kwenye juisi ndo nimezidi. Juzi nilikaa nikaangalia kwa makusudi, nimekamua machungwa sita, nimepata glasi mbili na chenji, kwenye chujio kimebaki kilima cha makapi cha kujaza bakuli la uji, meupe, yananuka vizuri, nimeyashika yanateleza kwasababu ya pektini, na pektini ni moja ya nyuzinyuzi bakteria wanazozipenda mno. Kila jioni makapi hayo anakula mbuzi wa bi mkubwa wa nyumba ya nyuma (mbuzi mwenye miguu minne huyu, sio wa nazi). Kwa miaka saba nimekuwa namlisha mbuzi vizuri kuliko wateja.

Kwahiyo chungwa la kumenya mwenyewe, ukala na vingozi na yale meupe hata kama yana uchungu kidogo, limeishinda juisi yangu ya chungwa mbali sana. Mwenye ugonjwa wa sukari ndo kabisa, juisi achana nayo, kula tunda.

Komamanga sasa. Huku pwani mkomamanga upo kwenye nyua nyingi za watu wa zamani, na maganda yake bibi zetu walikuwa wanayachemsha wanampa mtu anayeharisha, sio mjadala wa leo huo. Polifenoli yake maarufu ni punikalajini, kubwa sana haipiti kirahisi popote, na iko nyingi kwenye ganda na vile vingozi vya njano kuliko kwenye punje nyekundu. Hapo kuna siri ya biashara: kiwanda kinachokamua tunda zima na ganda lake kinapata punikalajini nyingi, mie ninayechambua punje kwa mkono nikazikamua kwenye kitambaa napata utamu na rangi ila punikalajini kiasi chake. Juisi yangu ni nzuri mdomoni, ya kiwanda cha kweli ni nzuri kwa sifa, ile ya bi mkubwa wa Makorora haikuwa hata moja kati ya hizo.

Punikalajini ikivunjika inatoa asidi elajiki, na bakteria fulani, wanaojulikana zaidi wanaitwa Gordonibacter, wanaigeuza hatua kwa hatua kuwa urolithini. Urolithini A ndo imepata jina duniani, mwaka 2016 watafiti walionyesha inasaidia chembe za mwili kuondoa mitokondria (vile vinu vya nguvu ndani ya chembe) zilizochakaa, na vile viminyoo vya maabara vilivyopewa viliishi muda mrefu zaidi kwa karibu asilimia 45. Viminyoo lakini, shosti, usije ukahesabu miaka yako hapo.

Kasheshe ni hii. Watafiti wa Murcia kule Hispania mwaka 2014 waliwagawa watu makundi matatu kutokana na wanachotoa kwenye mkojo baada ya kula vyakula vya namna hii: kundi A wanatoa urolithini A, kundi B wanachanganya na urolithini za aina nyingine, na kundi sifuri hawatoi kabisa. Sifuri! Unakunywa komamanga mwezi mzima, unatoa hela, kwa upande wa urolithini hupati kitu mana mbuzi ya kukunia hiyo nazi huna. Na huwezi kujijua kwa kujiangalia kwenye kioo, wala kwa kusema "mie nikinywa nasikia mwili mwepesi".

Sisemi komamanga baya, lina vitu vingine na linapendeza, na mwenye mti uani kwake ale bila kuuliza. Ila kwa wa kununua, bei ya komamanga moja msimu wa machungwa unapata machungwa saba mpaka kumi, na chungwa ukilila zima lina uhakika mmoja ambao komamanga la kukamua halina: pektini yake italiwa na bakteria wa mtu yeyote, hata huyo wa kundi sifuri. Mie nachagua chungwa. Komamanga ni bahati nasibu yenye tiketi ya bei.

Ubuyu, ambao nilikuwa naudharau

Nilikuwa naweka ubuyu kwa ajili ya watoto wa shule tu. Sasa hivi ndo namshauri mtu kwanza na sababu yake ni ya chujio tena. Ubuyu unatengenezwaje? Naloweka ubuyu na mbegu zake kwenye maji ya uvuguvugu, baada ya muda naingiza mkono nauvuruga mpaka mbegu zinabaki nyeusi zinang'aa, ule unga mweupe wote umeyeyuka kwenye maji, kinachobaki kwenye chujio ni mbegu na vile vikamba vyekundu. Nyama yenyewe ya tunda imeingia kwenye glasi. Na nyama hiyo ikiwa kavu karibu nusu ya uzito wake ni nyuzinyuzi, nyingi zikiwa za kuyeyuka, ndo mana juisi ya ubuyu inakuwa nzito inakaa kwenye koo. Chungwa naliacha kwenye chujio, ubuyu unapita. Vitamini C imo pia.

Kwenye polifenoli ubuyu una prosayanidini, molekuli zimeungana kama shanga, ule ukakasi ndo huo. Shanga ndefu hazifyonzwi, zinaenda mpaka utumbo mpana bakteria wanazikata zinakuwa vitu vidogo vinaitwa valerolaktoni na ndugu zao. Na uzuri hapa huwategemei Gordonibacter wenu wa kutafuta kwa tochi, kazi ya kukata polifenoli za namna hii imegawanyika kwa bakteria wengi, mtu na mtu wanatofautiana kwa kiasi ila sio ile ya una au huna.

Ulaya waliuruhusu unga wa ubuyu kuingia kwenye vyakula vyao mwaka 2008, leo unauzwa kule kwenye vipakti vidogo bei ya ajabu, huku kwetu kopo zima buku haliishi.

Ila tuelewane ni ubuyu upi. Sio ule wa kupikwa mwekundu unaoacha rangi kwenye ulimi mpaka kesho, ule ni peremende, sukari na rangi vimeupaka kila mbegu, mie mwenyewe naupenda lakini nisikudanganye ni wa afya. Sema unga wa ubuyu, au ubuyu mweupe wa mbegu uloweke mwenyewe. Na ukija kwangu sema "bila sukari" kabla sijakoroga, ukichelewa hiyo ishaingia. Wenye matatizo ya figo waliokatazwa potasiamu wamuulize daktari kwanza, ubuyu unayo nyingi.

Rozela na ukwaju

Rozela, wengine mnaita choya, ni kitu kingine kabisa. Maua makavu yanachemshwa, maji yanakuwa mekundu, maua yanatupwa. Nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye maua, bakteria hawapati chakula, wanapata polifenoli peke yake. Ule wekundu ni antosayanini, na antosayanini ni dhaifu, kidogo sana inaingia kwenye damu ikiwa nzima, nyingine inavunjika njiani na bakteria wanamalizia, vinatoka vitu kama asidi protokatekuiki ambavyo vinaingia kwenye damu vizuri zaidi kuliko baba yao.

Kwa presha rozela ina ushahidi kuliko wenzake wote mezani kwangu. Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010, watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo, wengine walipewa vikombe vitatu vya rozela kwa siku kwa wiki sita, wengine kinywaji cha kufanana nacho, ile namba ya juu ya presha ilishuka kwa vipimo 7.2 kwa wa rozela na 1.3 kwa wenzao. Sio muujiza lakini ni kitu. Ila sio kwamba uache dawa, na kama unameza dawa za presha na unataka kunywa rozela kila siku mwambie anayekutibu, isije ikashuka ukaangukia sokoni. Bila sukari ni kali, najua. Tia tangawizi na mdalasini wa Amani inanyweka.

Ukwaju uko katikati, una polifenoli za familia ya hizo za ubuyu, ila mie nauchuja sana na bila sukari nyingi hauuziki, ndo ukweli. Unalainisha choo, hilo kila mtu anajua.

Kahawa ya wazee

Hii siuzi mie, anauza babu mmoja anapita na birika la shaba lenye makaa chini anagonga vikombe, ka ka ka, alasiri wazee wanajaa barazani. Nilikuwa nadhani ni starehe tu. Kumbe kahawa ni moja ya njia kubwa ambazo watu duniani wanapata polifenoli, ina asidi klorojeniki, sehemu inafyonzwa juu huku na sehemu kubwa inashuka kwa bakteria. Mwaka 2024 ilitoka kazi ya kuangalia kinyesi cha watu zaidi ya 22,000, wa Marekani na Uingereza, wakakuta bakteria mmoja anaitwa Lawsonibacter asaccharolyticus ni wengi mno kwa wanywaji kahawa kuliko wasiokunywa, tofauti ya mara kadhaa, hata ya kopo isiyo na kafeini. Yani kuna bakteria anakaa anaisubiri kahawa yako. Kwamba huyo bakteria anakufanyia nini hasa hilo ni jambo lingine, kuwepo kwake peke yake sio cheti cha afya.

Kwa hela ndogo kabisa kahawa tungu inashinda, kikombe kidogo, haina sukari hata chembe. Utamu unatoka kwenye kashata, na hapa nakuomba kitu, badala ya kashata ya nazi chukua ya ufuta. Ufuta una lignani, nazo ni polifenoli, bakteria wanazigeuza kuwa kitu kinaitwa enterolaktoni kinachoingia kwenye damu, halafu ufuta unautafuna wenyewe na nyuzinyuzi zake. Sukari ya kashata ipo pale pale, kwahiyo moja, sio tatu.

Chai ya Usambara ni ndugu yake, nyeusi ina polifenoli kubwa kubwa ambazo kazi yake nyingi ni ya bakteria vile vile. Ila chai ina tabia ya kushika madini ya chuma ya mboga na maharage yasiingie mwilini, kwahiyo mjamzito na mwenye upungufu wa damu asinywe pamoja na chakula, asubiri lisaa hivi. Kahawa nayo ina tabia hiyo. Mabinti wanaokula chapati maharage na chai ya rangi kila asubuhi halafu wanalalamika kizunguzungu, nadhani mmenisikia.

Vidonge na unga wa kwenye makopo

Nipite haraka. Mtu anakwambia kidonge kimoja ni sawa na makomamanga kumi, au vikombe kumi na tano vya chai ya kijani. Sawa, ila chakula cha bakteria hakimo, umewaletea bakteria kazi bila posho. Na wingi wenyewe una hatari, mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema vidonge vya chai ya kijani vyenye miligramu 800 na kuendelea kwa siku za ile polifenoli yake kuu, EGCG, vimeonyesha dalili za kusumbua ini. Kikombe cha chai hakikufikishi huko, kidonge kinakufikisha kabla hujamaliza maji ya kumezea. Mie hela yangu haiendi huko.

Unga wa mlonge ni wa kwetu, majani yake ni mboga nzuri, ila anayekuuzia kijiko kimoja kama dawa ya kila kitu mwache aendelee na safari yake. Pika mlonge na nazi, kula na ugali.

Na kabla sijasahau balungi, mana kuna wanaolipenda: hilo linagombana na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, linafanya dawa izidi kwenye damu. Sio mambo ya bakteria ni vimeng'enya vya kuvunjia dawa, ila muhimu. Uliza famasi.

Sasa wewe uchukue ipi

Inategemea na wewe ni nani, sio mie nina ndoo gani. Tumbo zito na choo kigumu na mfuko mdogo, ubuyu bila sukari halafu chungwa la kula zima. Presha, rozela, kwa ruhusa ya anayekutibu. Sukari, acha juisi zote za kukamua hata zangu, kula tunda. Huna kitu kabisa zaidi ya mia mbili, kahawa ya babu. Una hela na unapenda komamanga, haya, nunua tunda, sio chupa, na ukinunua chupa geuza nyuma usome kitu cha kwanza kilichoandikwa kabla hujatoa noti. Kama umetoka kumaliza dozi ya antibayotiki ndo usikimbilie vya bei kabisa, watafiti wa Finland mwaka 2002 waliona watu waliotumia antibayotiki walikuwa na enterolaktoni ndogo kwenye damu na iliendelea hivyo kwa miezi, yani mbuzi imevunjika meno, subiri ipone huku ukila nyuzinyuzi. Na dozi usiache katikati kwa kusoma haya.

Na juisi yoyote kati ya hizi haiwezi kupigana na sahani. Kuna utafiti ulifanyika Moshi na hospitali ya KCMC na Waholanzi ukachapishwa 2025, wanaume 77, wa kijijini waliokuwa wanakula vyakula vya asili wakapewa wiki mbili za soseji, mkate mweupe na chipsi, na wa mjini wakapewa vya asili, ndizi, kunde, mboga, na kundi la tatu mbege, ile pombe ya ndizi. Wa chipsi damu yao ilionyesha uvimbe wa ndani umepanda na chembe za kinga zimelegea, waliorudi kwenye vya asili ikawa kinyume, kwa wiki mbili tu. Majibu hayo yalisomwa kwenye damu, ila ukishajua bakteria wanakula nini hushangai. Kwahiyo anayekula chipsi mayai mchana na usiku halafu ananiuliza ubuyu utamsaidia nini, namuuzia, sikatai hela, ila namuuliza kunde kala lini.



Yule mama wa Makorora nilimwanzishia ubuyu, glasi nzima kila siku, na nilikosea hapo. Jumatatu alirudi amefura.

"Wewe mtoto, tangu Ijumaa najamba kama lori la mkonge, nimeshindwa hata kukaa msibani."

Nilimuomba radhi, mana ilikuwa kosa langu, tumbo ambalo halijazoea nyuzinyuzi ukiliongezea kwa mkupuo bakteria wanachachua kwa fujo gesi inajaa, inatakiwa kuanza na kidogo unapandisha taratibu kwa wiki mbili tatu na maji ya kutosha. Tukashuka robo glasi, asubuhi, baada ya chakula. Wiki ya pili akaniambia nusu sasa inakaa. Chungwa anakula na koti lake, anakunja uso, na makapi ya juisi yangu siku hizi nampa na yeye kidogo kwenye kimfuko anachanganya kwenye uji wa asubuhi, mwenye mbuzi kaanza kuniuliza mbona mgao umepungua.